Barua ya wazi kwa wasimamizi wa michezo ya watoto Mombasa: tupeni msimu mzima

Kwa Mheshimiwa Gavana, Waziri wa Kaunti anayeshughulikia michezo, Waheshimiwa wawakilishi wadi, maafisa wa elimu, walimu wakuu na wafadhili wote wa mashindano ya watoto.

Waheshimiwa,

Salamu nyingi kutoka viwanjani. Tunaoandika ni makocha, marefa na wahudumu wa huduma ya kwanza wa kujitolea katika soka la watoto, kisiwani na ng'ambo zote. Ombi letu ni moja, na yote yanayofuata ni maelezo yake: fedha zinazotumika kila likizo kwa mashindano ya mtoano ya wiki moja au mbili, zigharimie ligi ndogo za watoto zinazochezwa muhula mzima, kila kaunti ndogo kwake.

Tuanze na hesabu, maana hiyo kila mmoja anaweza kuihakiki mwenyewe. Timu 32 zikiingia mtoano, zitachezwa mechi 31 tu, upange utakavyopanga. Raundi ya kwanza ikiisha, timu 16 zimefunga mizigo. Nane nyingine zinacheza mara mbili, nne mara tatu, mbili mara nne, na ni mbili tu zinazofika mechi ya tano. Kila timu ikisajili watoto 18, hao ni watoto 576, na 288 kati yao wamerudi nyumbani baada ya mechi moja. Katika hiyo moja, watoto saba wa kila timu walianzia benchi, na wengi wao walimalizia hapo hapo. Si roho mbaya ya kocha. Anajua akifungwa leo safari imekwisha, basi hathubutu kumtoa anayejua ili amwingize anayejifunza. Mtoto amepewa jezi, amepigwa picha, na mpira hakuugusa.

Sasa wachukueni watoto wale wale 576. Wagawanyeni timu za watoto 12, mtapata timu 48. Kaunti yetu ina kaunti ndogo sita: Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu. Kila moja itapata timu nane na uwanja mmoja. Watoto wa miaka 9 hadi 12 wacheze saba kwa saba, vipindi viwili vya dakika 20. Uwanja wa kawaida wa mita 100 kwa 64 unatoa viwanja vidogo viwili vya mita 55 kwa 37 vikichorwa kwa kukata upana, na katikati panabaki nafasi ya kutosha ya akiba na wazazi. Mechi mbili zinaanza pamoja, zikiisha zinaingia mbili nyingine, na ndani ya saa mbili timu zote nane zimecheza. Kila timu ikikutana na kila mwenzake mara mbili, ni mechi 14 kwa kila timu: Jumamosi saba muhula wa kwanza na saba muhula wa pili. Muhula una wiki zaidi ya kumi, kwa hiyo hata masika yakila Jumamosi tatu ratiba haivunjiki. Kwa kaunti nzima ni mechi 336, na hakuna mtoto wa Likoni anayelazimika kupanda feri kwenda kucheza.

Liwepo sharti moja lisilo na mjadala: kila mtoto aliyefika acheze angalau kipindi kimoja kizima. Vipindi viwili vya wachezaji saba ni nafasi 14, watoto ni 12, hivyo nafasi zinatosha na mbili zinabaki. Mtoto dhaifu kuliko wote kwenye timu atakuwa amecheza dakika 280 kwa msimu. Hapo ndipo mtu hujifunza mpira. Norway walishaweka kanuni kwamba matokeo na msimamo wa ligi za watoto usichapishwe kabla ya mwaka mtoto anaotimiza miaka 11. Sisi hatuombi kufika huko kwa siku moja, ila tunaamini wako sawa.

Tunalikazania jambo hili la mtoano kwa sababu karibu kila ajali na kila udanganyifu tunaokutana nao una mzizi humo.

Tazameni magoli. Goli la mashindano huletwa kwa lori alfajiri, linashushwa, linasimamishwa, na mechi inaanza. Goli la kubeba la mabomba ya chuma uzani wake mwingi uko mbele, kwenye mwamba na nguzo mbili. Nyuma pana bomba jembamba tu la kushikia wavu. Mtoto akidandia mwamba, uzani wake nao unaingia mbele, goli linapinduka kifudifudi na mwamba unamwangukia yeye mwenyewe, kichwani au kifuani. Watoto wamekufa hivyo katika nchi nyingi, na mara nyingi si wakati wa mechi, bali kabla au baada yake, watu wazima wakiwa wameangalia pengine.

Kinga yake ni magunia manne ya mchanga kwa kila goli, mawili kila kona ya nyuma, yafungwe kwa kamba iliyokazwa kwenye bomba la chini. Vigingi vinashika kwenye udongo mgumu. Kwenye kichanga chetu cha pwani vinang'oka kama meno ya maziwa, basi msivitegemee. Kisha goli lijaribiwe. Mtu mzima asimame mbele, ashike mwamba na kuuvuta kuja kwake, mwenzake akiwa tayari kulizuia. Nyuma ikinyanyuka hata kidole kimoja, ongezeni gunia. Wavu ufungwe kwa kamba au vibano vya plastiki, kwa sababu kulabu za chuma hurarua vidole vya makipa. Mechi ya mwisho ikiisha, goli lilazwe kifudifudi na kutiwa mnyororo na kufuli. Kazi yote hiyo haizidi dakika kumi na tano, lakini lazima liwe jukumu la mtu mwenye jina, na kwa ligi ya muhula mzima jina hilo lipo. Kwa mashindano ya siku chache halipo, kila mmoja anadhani mwenzake ameshaangalia.

Vipimo navyo viwe vya watoto. Goli la watu wazima ni mita 7.32 kwa 2.44. Mtoto wa miaka tisa ana kimo cha mita 1.3 hivi. Mpira unampita juu, uwanja mzima unamzomea, wiki ijayo haji. Kwa saba kwa saba goli ni mita 3.66 kwa 1.83. Mpira uwe namba 4, wenye mzingo wa sentimita 63.5 hadi 66 na uzani wa gramu 350 hadi 390. Namba 5 unaanza miaka 13. Na kupiga kichwa kukatazwe kwa walio chini ya miaka 11, kama Marekani walivyoamua tangu 2015.

Mistari isichorwe kwa chokaa ya ujenzi. Tunaiona ikitumika kila mahali kwa sababu ni rahisi kupatikana, lakini chokaa hiyo ikikutana na jasho au machozi inachoma ngozi na inaweza kuharibu jicho. Tumieni rangi nyeupe ya maji iliyozimuliwa, au kamba iliyofukiwa, au koni tu. Ikiwa chokaa imemwingia mtoto jichoni, asifikiche. Aoshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika zisizopungua ishirini, kisha apelekwe hospitali.

Kabla ya kila siku ya mechi, watu wazima kumi wajipange safu moja, mkono kwa mkono, watembee uwanja mzima wakiokota vigae, misumari na vichwa vya mawe ya matumbawe vinavyochomoza baada ya mvua. Sumaku ya spika mbovu ikifungwa kamba na kuburutwa inaokota misumari ambayo macho hayaioni. Aliyechomwa na msumari asipakwe dawa na kuachwa aende; aoshwe na apelekwe zahanati siku hiyo hiyo waangalie kinga yake ya pepopunda. Kuhusu njumu, tunashikilia jambo moja: ama wote wavae, ama wote wacheze peku. Mchanganyiko ndio unaovunja vidole vya miguu.

Jua la Mombasa linataka maelezo zaidi. Mtoano lazima uishe likizo haijaisha, hivyo mechi zinapangwa kuanzia asubuhi mpaka jioni, na daima kuna watoto wanaoangukia saa sita na saa saba. Wakati wa kaskazi, hasa Februari na Machi, joto hupita nyuzi 32 na hewa ina unyevu mwingi kiasi kwamba jasho linatiririka badala ya kukauka. Jasho lisilokauka halipozi mwili. Tena mtoto hajui kujipima, atakimbia mpaka aanguke.

Ligi inayochukua muda wa saa mbili tu inaingia vizuri jioni. Ianze saa kumi na dakika kumi, waliokwenda kusali alasiri wakiwa wamerudi, na saa kumi na mbili na dakika kumi imekwisha. Katika msimu wetu jua linazama mapema zaidi mwezi wa Mei, karibu na saa kumi na mbili na robo, na Februari linafika saa kumi na mbili na dakika arobaini. Maghrib haitamkuta mtoto uwanjani. Hili la saa si dogo kwetu. Watoto wengi wana chuo, yaani madrasa, asubuhi za Jumamosi na Jumapili, na ratiba inayogongana na chuo inawatoa kimyakimya. Mzazi halalamiki, anamzuia tu mtoto. Walimu wa madrasa waitwe kwenye kikao cha kupanga ratiba, na wasipelekewe karatasi iliyokwisha pigwa muhuri. Ramadhani nayo inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo ratiba ya mwaka jana haifai kunakiliwa. Mwezi huo ligi isimame.

Maji ya watoto 96 wa siku moja ni madumu matatu ya lita 20 ya kunywa, na la nne la kumwagia. Mapumziko yawe dakika tano kamili, na kila mtoto anywe kabla kocha hajaanza kusema. Maji ya visima vyenye chumvi yanafaa kumwagia, si kunywa. Mtoto akianza kuyumba, kujibu ovyo au kutapika huku ngozi inachoma, hilo si la kusubiri. Alazwe kivulini, avuliwe jezi, amwagiwe maji mwili mzima na apepewe kwa nguvu, barafu iliyofungwa kitambaani iwekwe shingoni, kwapani na kwenye vinena. Anayepoteza fahamu asinyweshwe kitu. Mwito wa gari upigwe papo hapo, lakini kumpoza kuanze kabla gari halijafika. Na kila uwanja uwe umepangiwa kituo cha afya mapema, kwa jina na kwa simu. Cha Likoni kiwe upande huo huo wa Likoni, maana foleni ya feri haimjui mgonjwa.

Kichwa kikigongwa, uamuzi usiwe wa kocha. Dalili ni kushika kichwa, macho kutazama mbali, kusahau matokeo, kutembea kama aliyelewa. Dalili moja inatosha: atoke, na hatarudi siku hiyo hata akisema yuko sawa. Akitapika tena na tena, akisinzia isivyo kawaida, akipata degedege au maumivu yakizidi, ni hospitali. Wengine wapumzike siku moja au mbili, warudi kwa hatua, na wasicheze mechi kabla ya wiki mbili. Kocha mwenye mechi moja ya kufa au kupona atamrudisha mtoto uwanjani. Mwenye mechi nyingine Jumamosi ijayo ana sababu ya kungoja.

Tufike kwenye umri, kidonda cha miaka mingi. Watoto wa miaka 15 wanacheza na wa 12, na kila mtu uwanjani anaona ndevu zinaota. Kinachosababisha ni zawadi ya pesa taslimu. Fungu nono likiwekwa kwa mshindi wa mechi tano, cheti cha kuzaliwa kinageuka bidhaa. Ombi letu la kwanza hapa ni kuondoa fedha taslimu kwa timu zote za chini ya miaka 13. Zawadi iwe mipira na nyavu, na ziende kwa timu zote zilizomaliza msimu.

La pili ni daftari moja la kaunti. Mtoto aandikishwe mara moja, akiwa na miaka 8 au 9, kwa picha, na namba atakayopewa imfuate mpaka atoke ligi za vijana. Kumdanganyia umri mtoto wa miaka 8 ni vigumu, na hakuna faida. Anayeandikisha asitazame tarehe ya kuzaliwa peke yake, atazame pia tarehe cheti kilipotolewa, kisha alinganishe na kadi ya kliniki na rekodi ya shule. Cheti kilichotolewa mwezi mmoja kabla ya ligi si ushahidi wa wizi. Wapo watoto wengi hapa pwani waliozaliwa nyumbani na kuandikishwa wakiwa wakubwa. Hapo iombwe karatasi ya pili. Na mtoto asiye na karatasi hata moja asifukuzwe. Acheze na kundi analoonekana kuwa lake huku familia ikielekezwa Huduma Centre, kwa sababu cheti hicho atakihitaji shuleni kuliko uwanjani.

Kuna dhuluma nyingine ya umri ambayo hata haivunji kanuni. Mwaka wa soka unaanza 1 Januari. Aliyezaliwa mwanzo wa Januari na aliyezaliwa mwisho wa Desemba ni kundi moja, ingawa wanapishana karibu mwaka mzima, na kwa mtoto wa miaka tisa hiyo ni sehemu moja ya tisa ya maisha yake. Duniani kote timu teule za vijana hujaa wa miezi ya mwanzo, kwa kuwa wachaguzi huona ukubwa wakadhani ni kipaji. Anayechagua timu ya kaunti awe na orodha yenye mwezi wa kuzaliwa wa kila mtoto mkononi, aitazame kabla hajakata jina.

Wasichana wapewe ligi yao, uwanja ule ule na siku ile ile, wasisukumwe kwenye saa za mabaki. Kila timu ya wasichana iwe na mwanamke mtu mzima. Bukta zisiwe nyeupe. Anayeagiza jezi akikumbuka hedhi, amewabakisha uwanjani wengi ambao wangeacha. Hijabu imeruhusiwa rasmi na sheria za soka tangu 2014, iwe ya kitambaa chepesi, isiyofungwa kwa pini. Suruali ndefu chini ya bukta nayo isimkoseshe mtu mechi. Choo chenye mlango unaofungika na maji ni sehemu ya uwanja kama lilivyo goli.

Kila mtu mzima anayekabidhiwa watoto awasilishe cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi, awe kocha, dereva au mpiga picha. Asiwepo mtu mzima na mtoto peke yao chumbani, garini au kwenye simu ya faragha. Ujumbe uende kwa mzazi. Namba 116, simu ya bure ya msaada kwa watoto, ibandikwe kila uwanja pale watoto wanapovulia viatu.

Viwanja vyenyewe vinapungua. Kiwanja cha wazi kisicho na mipaka huamka siku moja kina mabati. Tunaomba kila kimoja kati ya viwanja sita vya kuanzia kipimwe, kiwekewe mawe ya mipaka na kiandikwe kuwa ardhi ya umma kabla ya kitu kingine chochote kujengwa juu yake. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaipa kaunti jukumu la michezo na viwanja vyake, na Sheria ya Watoto ya 2022 inamhakikishia mtoto haki ya kucheza na kupumzika. Tunayoyaomba yamo tayari ndani ya wajibu wenu.

Vifaa vya uwanja mmoja ni hivi: magoli manne madogo na magunia yake 16, mipira 12 ya namba 4, koni 40, vizibao 30 vya rangi mbili, madumu manne, kisanduku cha barafu, sanduku la huduma ya kwanza, turubai mbili za kivuli, na posho ya nauli kwa marefa vijana wanne. Zidisheni kwa sita. Wekeni jumla hiyo kando ya bili ya jukwaa, spika na mahema ya fainali moja, mlinganishe wenyewe.

Tunajua njia ya fedha. Mpango wa Maendeleo wa Mwaka unafika bunge la kaunti kufikia 1 Septemba, waraka wa mkakati wa fedha kufikia 28 Februari, makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili, na mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Ligi ikiingia kwenye mpango wa Septemba hii, vifaa vitanunuliwa baada ya Julai, na mechi ya kwanza itapigwa Januari itakayofuata. Mtoto anayetimiza miaka 10 mwaka huu atakuwa anatimiza 12 mwaka huo, mwaka wake wa mwisho katika kundi hili. Septemba hii ikipita, hatacheza hata mechi moja kati ya zile 14.

Wenu,
Makocha, marefa na wahudumu wa huduma ya kwanza wa kujitolea, viwanja vya watoto, Mombasa